Kufufua saa ya kwatsi iliyokataa kutembea hata baada ya kuwekewa betri mpya: mwongozo kamili kwa anayeanza

Mwongozo huu umeandikwa kwa sababu ya kosa moja linalorudiwa. Mtu anakuta saa ya zamani kabatini, mara nyingi ya mzazi wake, anaifungua kwa kisu cha jikoni, anaweka betri mpya aliyoinunua sokoni Kadutu, na saa haitembei. Anaichokonoa kidogo, anaichokonoa tena, kisha anakata tamaa na kusema kwamba mashine imekufa. Nimeletewa saa za namna hiyo hapa Bukavu mara nyingi kiasi kwamba siku hizi, nikifungua mfuniko, kitu cha kwanza ninachokitafuta si kutu wala vumbi, bali ni mkwaruzo juu ya bobini, yaani ule uzi mwembamba wa shaba uliozungushwa ndani ya mashine. Saa nyingi kati ya hizo hazikufa kwa uzee. Ziliharibiwa mezani na mtu aliyetaka kuziponya.

Kwa hiyo utaratibu wote unaofuata unashikilia jambo moja: angalia kwanza, pima pili, na uguse mwisho.

Ninazungumzia saa za mkono zenye mishale na betri moja ya kawaida, zile zilizoandikwa neno Quartz usoni. Saa zinazojichaji kwa mwanga au kwa mtikisiko wa mkono hazimo, kwa sababu ndani yake mna betri ya kuchajiwa, na ukiweka ya kawaida mahali pake inaweza kuvuja na kuharibu kila kitu.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kufungua chochote

Usianze ukiwa na nusu ya vifaa. Saa iliyoachwa wazi usiku kucha huku ukitafuta bisibisi inaingia vumbi na unyevu, na katika mji wetu wa ziwa na mvua unyevu haukosekani.

- Bisibisi za saa (turnevisi ndogo) za upana wa milimita 0.8 hadi 1.4. Ncha iliyobonyea hula kichwa cha skrubu.
- Vibanio viwili: kimoja cha plastiki kwa ajili ya betri, kingine cha chuma chenye ncha nyembamba kwa kazi nyingine.
- Kioo cha kukuzia cha jichoni, kinachokuza mara 5 hadi 10. Bila hicho, usifungue saa.
- Multimeta. Ile ya bei ndogo inatosha, mradi iwe na kipimo cha volti 2 za umeme wa moja kwa moja na kipimo cha ukinzani cha kilo-omu 20.
- Kisu butu cha kufungulia mfuniko, au ufunguo wa miguu mitatu kwa mifuniko ya kuzungusha.
- Vijiti vya meno, pamba, siki nyeupe, na alkoli ya duka la dawa. Omba ya digrii 90. Ya digrii 70 ina maji mengi mno.
- Kile kipira cha kuvutia kamasi za mtoto mchanga, kipya na kikavu. Ndicho kipulizio bora kwa bei yake. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu pumzi ni mvuke na mate.
- Sinia nyeupe yenye ukingo, kitambaa cheupe kisichotoa nyuzi, na vikombe vidogo vya kuwekea skrubu.
- Simu ya kupigia picha.

Petroli, asetoni, mafuta ya cherehani na mafuta ya kupikia yasifike kwenye meza hii. Mashine nyingi za kwatsi zina magurudumu ya plastiki. Asetoni inaweza kuyaharibu, na mafuta mazito huyagandisha.

Kaa karibu na dirisha, asubuhi, kabla ya mawingu ya alasiri. Umeme hukatika bila kuaga, na hakuna kitu kibaya kama giza kuingia wakati skrubu ya milimita moja iko kwenye ncha ya kibanio.

## Njia ya umeme, kwa ufupi

Ukiijua njia hii, utajua mahali pa kutafuta ugonjwa. Betri hutoa volti 1.55. Umeme huo unafanya kipande cha kwatsi kitetemeke mara 32,768 kwa sekunde. Saketi inaigawa hesabu hiyo kwa mbili mara 15 mfululizo, na kinachobaki ni mpigo mmoja kila sekunde. Mpigo huo unapita katika bobini na kuigeuza kuwa sumaku kwa muda mfupi sana, na sumaku hiyo inaisukuma rota, yaani sumaku nyingine ndogo inayozunguka, nusu mzunguko. Rota inasukuma gurudumu, gurudumu linasukuma jingine, na mshale unaruka hatua moja.

Basi kuna vituo vitano: betri, viguso (vipande vya chuma vinavyoigusa betri), saketi, bobini na magurudumu. Anayebadilisha betri peke yake amekagua kituo kimoja na kuviacha vinne.

## Hatua ya 1: Isome saa ikiwa bado imefungwa

Kwanza hakikisha kifundo cha pembeni kimesukumwa hadi ndani. Kikiwa kimevutwa, mashine imesimamishwa kwa makusudi, na nimeona watu wakinunua betri mbili kwa sababu hiyo tu.

Kisha utazame mshale wa sekunde kwa dakika nzima, kwa kioo.

Mshale ukiruka sekunde mbili kwa mpigo, au nne kwa mpigo katika baadhi ya mashine za Uswisi, saa ni nzima kabisa. Inakuarifu kwamba betri inakaribia kuisha. Nenda hatua ya 2, kisha ya 3.

Ukitetemeka mahali pamoja bila kusonga, hiyo ni habari njema kuliko inavyoonekana. Saketi na bobini vinafanya kazi, ila betri imechoka au kuna kitu kinachozuia magurudumu: unywele, uchafu, au mishale inayogusana.

Usipojongea hata kidogo, ugonjwa uko kwenye betri, viguso, saketi au bobini, na hatua ya 5 itakuwa muhimu kuliko zote.

Saa inayochelewa robo saa kila usiku nayo ina ujumbe wake. Kwatsi haichelewi kiasi hicho. Saa ya kawaida hukosea sekunde 15 hadi 20 kwa mwezi. Inayochelewa dakika kwa dakika ni saa inayosimama na kuanza tena, na chanzo chake ni msuguano, mishale kugusana, au sumaku iliyo karibu, kama vile spika ya redio au kifungo cha sumaku cha kifuko cha simu. Kabla ya kufungua saa ya namna hii, ihamishe mahali pa kulala kwa siku mbili.

## Hatua ya 2: Fungua mfuniko bila kukwaruza

Ondoa mkanda. Zungusha saa chini ya mwanga na utafute mdomo mdogo au mwanya kwenye ukingo wa mfuniko. Ingiza ncha ya kisu butu hapo tu, weka kidole gumba kando ya ncha kiwe kizuizi, kisha *pindua* kisu kama ufunguo mlangoni. Usisukume mbele. Kisu kinachosukumwa huteleza, na kikiteleza huenda moja kwa moja kwenye bobini au kwenye kiganja chako.

Mfuniko wenye mapengo sita ukingoni ni wa kuzungusha kinyume na mwendo wa mishale. Wenye skrubu nne hauhitaji maelezo, ila legeza skrubu kwa mshazari.

Umefaulu ikiwa mfuniko umetoka kwa mlio mdogo, na mpira mweusi wa kuzuia maji haukukatika. Piga picha sasa hivi, kabla hujagusa kitu. Kisha soma namba ya mashine iliyochongwa kwenye chuma, kwa mfano 2035 ya Miyota au PC21 ya Seiko. Iandike. Utaihitaji kama mambo yakienda vibaya.

## Hatua ya 3: Toa betri, uipime, uichague mpya kwa namba

Tazama namna betri ilivyoshikwa. Kama ni kwa ulimi wa chuma, usukume ulimi pembeni taratibu. Kama ni kwa skrubu, ifungue. Inua betri kwa kijiti cha meno au kibanio cha plastiki, ukianzia upande *ulio mbali na bobini*. Kanuni hii ndogo ingeokoa saa nyingi nilizoziona.

Weka multimeta kwenye volti 2 na uipime. Betri njema inasoma 1.5 au zaidi. Ikishuka chini ya 1.4, ibadilishe. Tahadhari moja: betri iliyochoka inaweza kuonyesha volti nzuri ikiwa haifanyi kazi, kwa hiyo kipimo kizuri kwenye betri ya zamani si ushahidi kamili.

Namba ya betri inaeleza umbo lake. SR626SW, inayoitwa pia 377, ina kipenyo cha milimita 6.8 na unene wa 2.6, ndiyo inayotumiwa na mashine mbili nilizozitaja hapo juu. SR621SW ina kipenyo kilekile lakini unene wa 2.1, na hapo ndipo watu wanapokosea: inaingia, inaonekana kukaa, ila haigusi ulimi wa juu vizuri, na saa inasimama kila mkono unapogonga meza.

Herufi mbili za mwanzo ni muhimu vilevile. SR ni betri ya oksidi ya fedha, inayoshikilia volti zake hadi karibu na mwisho. LR, au AG4 kama ilivyoandikwa kwenye karatasi za kumi kumi zinazouzwa barabarani, ni ya alkali. Inaingia mahali palepale na inaendesha saa, lakini volti zake hushuka polepole na huvuja mapema. Kwa saa ya ukumbusho, sishauri LR hata siku moja.

Usishike betri mpya kwa vidole vitupu, kwa maana jasho hufanya njia ya umeme kati ya pande mbili. Usiishike kwa kibanio cha chuma pia, kwa kuwa chuma kinaunganisha chanya na hasi papo hapo.

Onyo la watoto. Betri hizi ni ndogo na zinang'aa kama peremende. Mtoto akimeza moja na ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama ya koo ndani ya saa mbili. Mpeleke hospitali mara moja, usingoje dalili. Betri zilizotumika zifunge pande zote mbili kwa utepe wa gundi na uziweke mbali.

## Hatua ya 4: Safisha viguso

Chunguza kitanda cha betri kwa kioo. Unga mweupe au wa kijani-buluu ni alama ya betri iliyovuja. Kinachovuja ni cha asili ya magadi, ndiyo maana tunakiondoa kwa asidi nyepesi: chovya ncha ya kijiti cha meno katika siki, ikung'ute hadi isidondoke, na usugue unga huo tu. Kisha rudia kwa alkoli ili kuondoa siki, na uache pakauke saa nzima.

Usimwage kioevu chochote ndani ya mashine. Kikifika kwenye bobini au chini ya saketi, umebadilisha ugonjwa mmoja kwa mwingine.

Mwishowe inua ulimi wa hasi kwa ncha ya kijiti, nywele moja tu, ili uibane betri kwa nguvu zaidi. Umefaulu chuma kikiwa kinang'aa na ulimi unarudi kama springi unapoubonyeza.

## Hatua ya 5: Pima bobini kabla ya kutoa hukumu

Hapa ninaomba usome taratibu.

Wiki chache zilizopita mama mmoja jirani aliniletea saa ya marehemu mumewe. Mwanawe alikuwa ameweka betri mpya, ya namba sahihi, na saa ilikaa kimya. Nilipoiweka chini ya kioo, nyuzi za bobini zilikuwa zimelala sambamba, za rangi ya machungwa iliyokolea, kama uzi ulioviringwa vizuri kwenye kigurudumu cha cherehani. Ukingoni, mahali ambapo ncha ya bisibisi ingepita mtu akiinua betri kwa haraka, palikuwa na alama fupi inayong'aa, na kutoka kwenye alama hiyo kipande cha waya kilikuwa kimesimama wima, chembamba kuliko unywele wa mtoto. Ni hicho tu. Miaka yote mkononi mwa mzee yule, kisha sekunde moja.

Waya huo ni mwembamba sana, na umefunikwa kwa rangi ya kuzuia umeme. Mguso mmoja wa chuma unaukata, na hauungiki kwa vifaa vya nyumbani.

Kupima ni hivi. Ondoa betri. Weka multimeta kwenye kilo-omu 20. Funga sindano ya kushonea kwenye kila ncha ya kipimo kwa waya mdogo, kwa kuwa ncha za kawaida ni nene mno. Tafuta miisho miwili ya bobini, mahali waya unapoungana na vidoa viwili vya shaba kwenye saketi. Gusa *vidoa*, si waya, sindano moja kila upande.

Ukisoma kati ya kilo-omu 1 na 3, bobini ni nzima. Mashine nyingi ziko humo. Wakati mwingine mshale wa sekunde utaruka hatua moja unapogusa, kwa sababu umeme mdogo wa multimeta umeisukuma rota. Ukiona hivyo, furahi: bobini, rota na magurudumu vyote viko hai.

Ukisoma namba 1 peke yake upande wa kushoto, au herufi OL, waya umekatika. Gusa tena kuhakikisha kwamba sindano zimefika kwenye shaba safi, kisha ukubali. Usiendelee kusafisha wala kununua betri nyingine.

Ukisoma karibu na sifuri, kuna mahali pameunganishwa pasipostahili. Angalia kama kuna unga wa betri uliobaki kati ya vidoa.

Bobini ikiwa nzima, weka betri mpya, maandishi yakikutazama kama picha yako haionyeshi vingine, na ngoja sekunde kumi. Baadhi ya mashine za Kijapani, hasa zenye vipima muda, zina kidoa kilichoandikwa AC: gusa kwa kibanio cha chuma kutoka upande chanya wa betri hadi kidoa hicho kwa sekunde mbili, na saketi itaanza upya. Wengi wameitupa saa nzima kwa kutojua herufi hizo mbili.

## Hatua ya 6: Mshale ukitetemeka bila kusonga

Sasa ndipo unapohitaji kuitoa mashine kwenye ganda. Tafuta kitobo au kibonyezo kidogo karibu na mahali kifundo kinapoingia; mara nyingi kina mshale uliochorwa au neno PUSH. Kibonyeze kwa nguvu ile unayotumia kushika kalamu, na papo hapo uvute kifundo. Kikikataa, usiongeze nguvu; badilisha mkao wa kifundo, ndani au nje, na ujaribu tena.

Geuza ganda juu ya kitambaa, mashine itoke pamoja na uso wa saa. Itazame mishale kutoka ubavuni. Inapaswa kulala sambamba bila kugusana hata pale inapopishana. Ukiona mshale umeinama na kugusa mwenzake, umeupata ugonjwa. Unyooshe kwa kibanio ukiushika katikati.

Kama hakuna mguso, rudisha kifundo kwenye mashine, peleka mishale yote saa sita kamili, funika uso wa saa kwa kipande cha mfuko wa plastiki, na uinue mishale wima kwa bisibisi mbili zilizowekwa pande mbili tofauti. Rudisha betri. Ikiwa kijiti cha katikati sasa kinazunguka, kosa lilikuwa kwenye mishale. Ikiwa bado kinatetemeka, puliza kwa kipira kati ya magurudumu, ukielekeza upande wa rota, kwa maana rota ni sumaku na hukusanya chembe za chuma.

Anayeanza asifungue daraja linaloshika magurudumu. Ncha za magurudumu hayo zinapaswa kuingia zote pamoja katika matundu yake, na jaribio la kwanza karibu kila mara huvunja moja. Jifunzie hilo kwenye mashine iliyokufa.

## Hatua ya 7: Bobini iliyokatika, au mashine isiyopona

Hapa ndipo ile namba uliyoiandika inapofanya kazi. Tafuta saa nyingine yenye mashine ya namba hiyohiyo, hata kama ganda lake ni bovu na kioo kimepasuka. Mafundi saa wa Kadutu na Nyawera huwa na makopo ya saa zilizokufa, na mashine kama 2035 imo katika saa za majina mengi tofauti. Ipime bobini kabla ya kulipa.

Kuhamisha mashine nzima ni rahisi kuliko kuhamisha bobini, na uso wa saa, mishale na ganda la mzee vinabaki vilevile. Sioni aibu yoyote katika hilo, na yule mama jirani hakuiona pia.

## Hatua ya 8: Rudisha na ufunge

Zungusha kifundo hadi tarehe ibadilike, na hapohapo panga mishale yote juu ya 12. Usipofanya hivyo, tarehe inaweza kubadilika hata adhuhuri. Bonyeza kila mshale wima, halafu uzungushe saa 24 kamili ukitazama kutoka ubavuni.

Pulizia kioo kwa ndani. Kama uliitoa mashine, toa kifundo tena, irudishe ndani ya ganda, kisha uingize kifundo. Paka mpira wa kuzuia maji grisi ya silikoni, kidogo sana, na uukalishe kwenye mfereji wake. Kisha utafute pengo lililokatwa kwenye ukingo wa ndani wa mfuniko: hilo ni la kupitishia kijiti cha kifundo, na lazima likae mbele yake. Likiwekwa upande mwingine, mfuniko utaponda kijiti.

Bonyeza kwa vidole gumba viwili hadi usikie mlio. Baada ya kufungua nyumbani, usiitumbukize saa ziwani wala kuoga nayo, hata kama nyuma pameandikwa kwamba inazuia maji.

## Hatua ya 9: Jaribio la siku tatu

Ilinganishe na saa ya simu hadi sekunde. Iache siku moja uso ukiwa juu, siku moja uso ukiwa chini, siku moja kifundo kikitazama chini. Baada ya siku tatu tofauti isizidi sekunde mbili au tatu. Ikisimama katika mkao mmoja tu, rudi hatua ya 6. Ikisimama ovyo, rudi kwenye ulimi wa betri, hatua ya 4.

Ikipita, andika tarehe na namba ya betri kwenye kipande cha karatasi, na ukibandike ndani ya kisanduku cha saa. Betri njema ya SR hudumu miaka miwili au mitatu katika mashine za kawaida. Ikifika hapo itoe, hata kama bado inatembea, kabla haijaanza kuvuja.